Tezi na Omo

Julai, Mabela. Nje digrii arubaini na saba,
kuku wa jirani wameachama midomo kivulini,
nami nimejifunga shali ya sufi
namwambia mwanangu azime kiyoyozi.
Ananitazama kama aliyeona maji yakipanda mlima.

Tezi yangu imelala. Ile ya shingoni,
ndogo, kama kokwa mbili za tende bega kwa bega.
Miaka sita nameza kidonge cheupe
na bado saa tisa alasiri hunikuta
ukingoni mwa kitanda, soksi moja mkononi,
nimesahau ni ya mguu gani.

Wifi yangu Shinuna alikuja Alhamisi
na sahani ya vitumbua, na chupa.
Kaitoa duka moja la Ruwi, riali kumi na nane:
mizizi ya susi, unga wa tezi za ng'ombe,
na picha ya mwanamke anayekimbia mlimani
meno yote nje.
"Wee, si shingo hiyo, ni figo!
Juu ya figo kuna tezi nyingine, zimechoka.
Zisaidie hizo, na ya shingo itaamka yenyewe.
Mimi siku ya nne nilifua mapazia yote."

Sikumcheka.
Nani aliyechoka asiyetaka mapazia yaliyofuliwa?

Lakini mimi ni binti wa mtu aliyehesabu chenji mara mbili.
Jumapili nikaizongazonga chupa ndani ya kanga,
nikaenda nayo kituo cha afya.
Daktari Lamees akaisoma mbele na nyuma,
kama hati ya deni la mtu mwingine.
Hakunigombeza. Akasema:
tezi za juu ya figo hazichoki kama punda wa maji.
Zikiugua kweli, huugua kwa jina lake:
mikunjo ya viganja huingia weusi,
nguo hukupwaya, ukisimama chumba kinazunguka,
unatamani chumvi kama mja mzito.
Hilo hupimwa, damu ya saa mbili asubuhi,
na likiwapo hutibiwa hapa, upesi,
kabla sijakuongezea hata chembe ya dawa ya shingo.
Na huu unga? Huenda mna homoni humo zisizoandikwa.
Ukizizoeza tezi zako kula cha bure
zitaacha kupika.

Kisha akauliza
ambalo kwa miaka sita hakuna aliyeniuliza:
"Kidonge chenyewe unakimeza na nini?"

Na chai ya maziwa, daktari.
Na kidonge cha chuma, na cha mifupa,
vyote mkupuo mmoja, niwahi kazini.

Akaweka kalamu chini.
Nikaelewa kabla hajafungua mdomo.

Wahenga walisema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani.
Wao walikusudia chombo, si shingo.
Mimi nimezunguka shingo, figo, Ruwi na kurudi,
na ngama yangu ni gilasi ya maji
kabla ya adhana, tumbo tupu, kisha saa nzima
ya kulitazama birika bila kuligusa.
Chuma na mifupa vingoje mchana.

Majibu yamekuja: tezi za figo ni nzima.
Ya shingo, tutaona wiki ya sita.
Shinuna kanuna.
Nilimsomea karatasi ya daktari kwa simu, neno kwa neno,
akanyamaza, akaniuliza:
"Basi mapazia niliyafua kwa nguvu ya nani?"
Sikuwa na jibu. Bado sina.
Chupa ipo juu ya friji, nyuma ya ubani.

Na kuna uchovu ambao sikumwambia daktari:
mama huamka saa nane usiku
akaita jina la dada yangu aliyekufa,
nami huitika.
Huo sijui unapimwa kwa damu ya saa ngapi.

Birika linachemka. Hiliki imejaa nyumba nzima.
Bado dakika ishirini.